Lushoto, Julai

Mombo hadi Lushoto ni kilomita zisizozidi 35, ila kona zake mh! Utotoni nilikuwa nafumba macho mpaka Soni, bibi akinipa ndimu ninuse nisitapike. Safari hii nimeendesha mwenyewe, kamera kiti cha pembeni.

Kipupwe kimekolea, sweta mbili hazitoshi. Irente, kwenye genge linalotazama nyika, nilifika jua halijachomoza, makusudi: likishapanda, vumbi la nyika kule chini hufifisha kila kitu na picha inakuwa kama imemwagiwa maziwa.

Lakini ninayoipenda kuliko zote haina hata bonde. Ni mama aliyetokeza ukunguni na tenga la kabichi kichwani. Nikamwamkia, nikaomba kumpiga picha.

“Piga mwanangu, ila ngoja nitue mzigo, nijifunge kanga vizuri.”