Viazi vya karai na kafyu: tulivyouza futari Majengo mwaka 2020

Biashara ya viazi vya karai ni ya jioni. Watu wakishatoka kazini ndipo huja barazani, mtu akataka viazi vya moto, chatne ya ukwaju na pilipili. Kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona, ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, saa zangu za riziki karibu zote ziliingia humo humo. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kisha tarehe 6 Mei, tumo katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa. Mimi naishi Majengo, hapa Mombasa, na karai langu huliweka Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Wateja wangu wakabaki upande wa pili wa kizuizi.

Nikaanza kuuza nje ya nyumba. Si mimi peke yangu, kina mama wa mtaa waliokuwa wameachishwa kazi hotelini nao walitoa meza: huyu kaimati, yule mbaazi za nazi. Saa kumi jioni palikuwa na msongamano wa watu, na kwa kweli ulitisha. Afisa wa afya akaja na askari, akataka tuondoke sote.

Nilikwenda ndani nikatoa cheti changu cha afya, kile cha wauza vyakula, na kilikuwa hakijaisha muda. Nikamwuliza, "Mwanangu, wewe wataka uone nini hapa ndiyo uturuhusu?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, mimi nataka maji, nafasi, barakoa, na mtu asile hapa." Nikamwambia aje kesho yake saa tisa aangalie.

Usiku ule tulikaa kupanga. Meza tano tukazifanya moja, foleni moja, kila mtu na chakula chake na hesabu yake. Sabuni ya maji ilikuwa ghali, kwa hivyo tulikwaruza sabuni ya kipande kwa kisu, tukaiyeyusha kwenye maji ya moto na kuitia chupani. Ndoo yenye mfereji tuliiweka mwanzo wa foleni, si mwisho, ili mtu asifike mezani kabla ya kunawa. Alama za kusimama tulichora kwa chaki, zikafutika kwa miguu siku hiyo hiyo, tukapaka chokaa. Afisa alikuja, akatusogezea alama mbili nyuma, akaenda zake. Baada ya hapo alikuwa akipita mwenyewe, bila askari.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililiona kwa macho. Amri zilizotangazwa kwa kipaza sauti zilituacha na hofu tu, hatukujua tufanye nini. Yule aliyesimama akatueleza, masharti yake tuliyashika hata asipokuwepo. Wenye mamlaka wa mitaa wakitaka wachuuzi wafuate kanuni za afya, waje wakae nasi kabla ya kuleta askari.

Pesa tulipokea kwa simu. Tangu Machi mwaka ule kutuma shilingi 1,000 kushuka chini kwa M-Pesa hakukuwa na ada, basi hata mtu wa viazi vya hamsini aliweza kutuma. Mimi nami nilimlipa muuzaji wangu wa soko la Kongowea mafungu mafungu, kila fungu chini ya elfu, naye akinipakilia viazi kwenye tuktuk.

Kilichotuokoa zaidi ni oda za asubuhi kwa WhatsApp. Magharibi ilikuwa ikiingia karibu saa kumi na mbili na robo, na saa moja ilikuwa kafyu, kwa hivyo hapakuwa na nafasi ya kubahatisha. Kufikia saa sita mchana nilijua nichemshe viazi vya watu wangapi, na kila furushi lilikuwa na jina. Mtu alifika, akanawa, akachukua chake, akaenda.

Juni kafyu ilisogezwa ianze saa tatu usiku, na Mji wa Kale ulipofunguliwa nilirudi Kibokoni na karai langu. Oda za simu sikuziacha. Wenzangu wawili waliendelea na meza ile ya Majengo, maana hoteli walizokuwa wakifanya kazi zilikuwa bado hazijafungua.