Kondoo Wachache Umemwachia Nani?

Neno la wiki: 1 Samweli 17:17–30, Mithali 12:10

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Sura ya 17 ya 1 Samweli tumeisoma tangu tukiwa watoto, na karibu sote huikimbilia sehemu ileile: kombeo, mawe laini matano, Goliathi kifudifudi. Wiki hii nawaomba turudi nyuma kidogo, hadi mstari wa 20, kabla Daudi hajaliona lile jitu. Yese amemtuma mwanawe mdogo apeleke chakula kambini na kuwajulia hali ndugu zake. Kijana anaamka asubuhi na mapema. Anawaacha kondoo kwa mlinzi, ndipo anashika njia.

Mlinzi huyo hatajwi jina wala hatokei tena. Kwa muda mrefu mstari huo niliupita tu, lakini sasa ndio unaonigusa kuliko mingi katika sura hii. Mwandishi ana vita ya kusimulia, ana mfalme aliyejaa hofu na jeshi linalotetemeka, na bado anatenga nafasi ya kutuambia kwamba kondoo hawakuachwa peke yao. Daudi hakujua kwamba siku ile ingembadilishia maisha. Aliondoka kama mtu anayekwenda kurudi, na hata safari ya namna hiyo aliiandalia mtu wa kukaa na mifugo.

Kisha anafika kambini, na kaka yake Eliabu anamwakia hasira: "Na wale kondoo wachache umemwachia nani kule nyikani?" Eliabu aliuliza kwa dharau. Neno lile "wachache" lilikusudiwa kuumiza, kana kwamba anamwambia mdogo wake kuwa kazi yake ni ndogo na hata hiyo ndogo imemshinda. Lakini swali lenyewe ni la haki, na Daudi alikuwa na jibu lake tangu alfajiri.

Swali hilo naliweka mbele ya wanafunzi, nikijua kwamba wengi wenu mko katika majira ya mitihani, na wengine mnafunga mizigo kwenda shule ya bweni au chuo. Nyumbani kuna mbwa, au paka, au sungura, au kasuku, au samaki kwenye tangi dogo la kioo. Labda ulimwomba mama na baba miaka mingi kabla hawajakubali, ukaahidi kwamba utamlisha mwenyewe na kumsafishia mwenyewe. Ulimpa jina. Sasa ratiba imebanwa: asubuhi masomo, mchana masomo, usiku kukesha na daftari. Katika nyumba nyingi, wa kwanza kupunguziwa haki yake majira haya ni yule asiyeweza kulalamika kwa maneno. Maji ya jana yanabaki kwenye bakuli. Matembezi ya jioni yanaahirishwa hadi mitihani iishe, na mbwa hajui mitihani itaisha lini.

Mithali 12:10 inasema: "Mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, bali huruma za mwovu ni ukatili." Angalieni mahali Sulemani alipouweka mnyama. Kwake hili si jambo la pembeni wala tabia njema ya ziada. Linaingia katika kumtambua mwenye haki ni nani. Mimi nalisoma hivi: uchaji wako wa Jumapili una shahidi nyumbani asiyejua kusema.

Sitaki kuandika kana kwamba mnyama ni mzigo wa mwanafunzi tu. Ninyi mnaoishi nao mnajua kitu ambacho wengine hawakijui. Maisha ya shule ni maisha ya kupimwa: alama, nafasi darasani, matokeo yanayobandikwa ukutani au kutumwa kwenye simu, macho ya wazazi wakati wa kuyasoma. Mtu anaweza kufika mahali akaamini kwamba yeye ndiye ile namba. Halafu anafungua mlango, na mbwa anamrukia kwa furaha ileile ya jana, siku ya alama 90 na siku ya alama 30. Watu husema wanyama wanapenda bila masharti. Mimi sithubutu kuusemea moyo wa mbwa kiasi hicho, maana naye ana njaa yake na mazoea yake. Ninachoweza kusema bila shaka ni kwamba hajui alama zako, na kuwa karibu na kiumbe asiyezijua ni pumziko la kweli.

Hili si la kizazi chetu pekee. Katika karne ya 9 mtawa mmoja wa Kiayalandi, msomi aliyekuwa mbali na kwao, aliandika kwenye daftari lake la masomo shairi juu yake na paka wake mweupe aitwaye Pangur. Daftari hilo lipo hadi leo katika monasteri moja nchini Austria. Anaeleza jinsi wanavyoshirikiana chumba usiku: paka anawinda panya, naye anawinda maana ya maneno magumu, kila mmoja na kazi yake, wala hakuna anayemsumbua mwenzake. Zaidi ya miaka 1,100 imepita, lakini mwanafunzi yeyote aliyewahi kusoma usiku na paka amelala juu ya kitabu anachokihitaji atamwelewa mtawa yule.

Wanasayansi nao wameliona jambo hili. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wanafunzi 249. Baadhi walipewa dakika 10 za kuwashika na kuwapapasa mbwa na paka. Wengine waliwatazama tu wenzao wakifanya hivyo, wengine wakaoneshwa picha za wanyama walewale, na wengine wakakaa wakisubiri zamu yao. Katika mate ya wale waliowagusa wanyama, kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, kilikuwa chini kuliko cha wengine. Nami namshukuru Mungu kwa hilo. Yeye aliyeleta wanyama mbele ya Adamu aliweka faraja kubwa katika kuwa nao karibu.

Lakini hapa ndipo moyo wangu unapopata mzigo, na ndiyo sababu ya tafakari hii. Siku hizi tunamsifu mnyama zaidi kama dawa. Anashusha msongo, anaondoa upweke, anasaidia usingizi. Yote ni kweli. Shida ni kwamba dawa hutupwa mtu akipona, na nimesikia mara nyingi mno habari za wanafunzi wanaochukua paka mdogo mwanzoni mwa muhula wa kwanza, chumba kikiwa na upweke, kisha muhula wa mwisho ukiisha wanahama na paka anabaki barazani. Mlango unafungwa, hata jirani haambiwi. Aliyezoea kulishwa mkononi anaanza kutafuta chakula kwenye majalala. Ndugu zangu, hilo ni dhambi. Naliita hivyo kwa upendo, na sioni jina jingine linaloifaa. Mnyama ni amana, na amana haipotezi thamani yake kwa sababu wewe umemaliza shida zako.

Biblia inatazama uhusiano huu ikianzia upande wa pili. Nabii Nathani alipotaka kumwamsha Daudi baada ya dhambi yake, 2 Samweli 12, alimsimulia habari ya maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja mdogo wa kike. Alimnunua, akamlea, akakua pamoja na watoto wake. Alikula katika chakula cha yule mtu, alinywa katika kikombe chake, alilala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Hatuambiwi mwana-kondoo huyo alimfaa nini maskini. Hatusikii sufu, maziwa wala nyama. Tunaambiwa alichopokea: chakula, kikombe, kifua. Kisha tajiri mmoja akamnyang'anya maskini yule mwana-kondoo. Na Nathani alijua anazungumza na nani. Daudi ndiye aliyewahi kumfuata simba na dubu ili kumpokonya mwana-kondoo kinywani. Jeraha la kondoo mmoja lilikuwa na njia ya kufika kwake hata pale dhamiri ilipokuwa imefunga milango mingine, na hasira yake iliwaka kabla hajajua kwamba yule tajiri wa hadithi ni yeye. Wazazi, mkimfundisha mtoto kumhurumia mnyama, hamjui ni lini Mungu atakuja kupitia mlango huo.

Kwa mnaokwenda mbali kuna jambo la kuongeza. Wengi mnajua habari za Hachiko, mbwa wa Tokyo. Bwana wake, Profesa Ueno Hidesaburo, alifundisha kilimo chuo kikuu, na mbwa alikuwa na desturi ya kumpokea katika kituo cha treni cha Shibuya. Mei 1925 profesa alifariki ghafla akiwa kazini. Walikuwa wameishi pamoja muda wa mwaka mmoja na kitu. Hachiko aliendelea kufika kituoni hadi kifo chake mwenyewe, Machi 1935. Husimuliwa kama habari ya uaminifu, na ni kweli. Mimi huisoma pia kama habari ya kiumbe ambaye hakuna aliyeweza kumweleza. Mbwa wako nyumbani hajasoma barua yako ya kujiunga na chuo. Anachojua ni kwamba saa ile ya jioni mlango haufunguki. Kwa hiyo usiondoke kama mtu anayetoroka. Kabla ya safari, wiki kadhaa mapema, mwache mdogo wako au yeyote atakayebaki aanze kumlisha na kutembea naye, ili siku ukiondoka asipoteze kila kitu kwa mara moja. Andika tarehe za chanjo mahali panapoonekana, hasa ya kichaa cha mbwa. Taja kwa jina mtu atakayempeleka kwa daktari wa wanyama. Ukisema "wapo nyumbani watamwangalia" hujamwachia mtu; Daudi aliacha kondoo kwa mlinzi.

Na mnaosoma nyumbani, kumbukeni kwamba meza ya mwanafunzi ina hatari zake. Kidonge kimoja cha parasetamoli ulichokiacha karibu na daftari kwa ajili ya maumivu ya kichwa chaweza kumuua paka. Chokoleti ni sumu kwa mbwa. Paka akiacha kula siku nzima, usisubiri mtihani wa Ijumaa upite, kwa kuwa ini lake linaweza kuharibika upesi. Kumfikiria mnyama ni pamoja na kuyajua haya.

Wengine mnaishi mabweni yasiyoruhusu wanyama. Msiwaingize kwa siri. Mnyama anayefichwa hufungiwa, na wote wawili mnaishi kwa hofu.

Niwaambie neno na ninyi mliofiwa. Najua wapo, maana huja baada ya ibada na kuongea kwa sauti ya chini, kama watu wanaoomba radhi. Mbwa aliyekuwapo tangu darasa la kwanza amekufa katikati ya mitihani, na mtu wa karibu amesema, "Ni mbwa tu." Unalia ukiwa umefunga mlango. Mwaka 1914 huko Oberkassel, Ujerumani, lilifukuliwa kaburi la kale sana ambalo wataalamu wanalikadiria kuwa na miaka takribani 14,000. Ndani yake walilala mwanamume, mwanamke, na mbwa mchanga. Meno ya mbwa yule yalipochunguzwa katika miaka yetu, yalionesha kuwa aliugua vibaya, yaelekea ugonjwa wa distempa, na kwamba asingeweza kuishi majuma yale yote bila mtu wa kumtunza. Mbwa mdogo, mgonjwa, asiyeweza kuwinda wala kulinda, alihudumiwa na kisha akazikwa pamoja na watu. Basi usione haya kwa machozi yako. Mwambie Mungu kwa jina lile ulilompa mnyama wako. Zaburi 36:6 humwita Bwana awaokoaye wanadamu na wanyama, na Yesu alisema hata shomoro mmoja haanguki chini asipojua Baba yenu. Sijui kufafanua zaidi ya hapo mambo ya uzima wa wanyama baadaye, wala sitawapa ahadi ambayo Maandiko hayakunipa. Lakini Baba anajua, na anajua kabla hujamwambia.

Juma hili someni pia kitabu cha Yona chote, ni sura nne tu. Nabii amekasirika, mji umetubu, na neno la mwisho katika kitabu ni swali la Mungu: je, hainipasi kuuhurumia Ninawi, mji ule mkubwa, wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, tena wamo wanyama wa kufugwa wengi sana? Kitabu kinakoma hapo, kwenye wanyama. Mungu akihesabu sababu za kutouangamiza mji, aliwahesabu na wao.

Tuombe.

Baba, tunawaleta kwako wanafunzi wanaoingia chumba cha mtihani juma hili; wape utulivu na kumbukumbu njema. Tunawaombea wanaoondoka nyumbani, na wale wanaobaki na bakuli la kujaza kila asubuhi. Wape moyo wa kuifanya kazi hiyo hata pasipo kuonwa. Wafariji waliozika mnyama wao mwezi huu. Na yule aliyemwacha paka wake mahali walipokuwa wakiishi, na anasoma maneno haya sasa, mpe ujasiri wa kurudi kumtafuta, au kumpigia simu jirani leo hii. Katika jina la Yesu, Amina.