Maji ya kisima na ya bomba hayatibiwi sawa

Watu wakiongelea kusafisha maji nyumbani utasikia chemsha tu, au nunua filta yoyote imetoka hiyo, kama vile maji yote yana shida moja.

Ya bomba kwa kawaida yanakuja yameshatibiwa, kinachowakera wengi ni ile harufu ya klorini (dawa ya kuulia vijidudu), na filta ya kaboni inaimaliza vizuri tu. Ila ukishatoa klorini maji hayana tena mlinzi, kwahiyo usiyaweke siku nyingi, na hiyo filta ibadilishe kwa wakati maana ikichakaa bakteria wanazaliana humo humo. Halafu maji yakikatika yakarudi, yaache yatiririke kwanza, presha ikishuka mabomba yanayovuja yanaweza kuvuta uchafu wa nje.

Kisima sasa, hapo ndo kuna kazi. Kuna maji unayateka meupe peee, ukiyaacha kwenye glasi baada ya muda yanageuka manjano, baadae kahawia, na chini linabaki tope laini la kutu. Hayo yana madini ya chuma, yalikuwa yameyeyuka, yakakutana na hewa. Ukiyatia klorini chuma kinaanza kuila chenyewe kabla haijawafikia vijidudu, ndo maana kipimo cha dawa kinachotosha maji mengine hapo kinaweza kisitoshe. Na nguo nyeupe zikishika hiyo rangi usikimbilie dawa ya kung'arishia, yenye klorini inazidi kuligandisha doa.

Kuchemsha nako kunaua vijidudu, sawa, dakika 1 ya kutokota inatosha (3 kama uko juu ya mita 2,000), lakini floraidi na naitreti (kemikali zinazoyeyuka kwenye maji) haziendi popote, tena maji yakipungua kwa mvuke zenyewe zinabaki zimekolea zaidi. Shirika la Afya Duniani linaweka mwisho miligramu 1.5 kwa lita kwa floraidi na 50 kwa naitreti, na zote mbili huzioni wala huzionji, na naitreti ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Kwahiyo mwenye kisima, kabla hujaulizia bei ya filta peleka maji maabara, urudie walau mara moja kwa mwaka na mafuriko yakipita. Chupa ya sampuli ya bakteria waombe wenyewe wa maabara, usipeleke ile ya soda uliyosuuza.