Kabla ya kubonyeza kitufe, toa nyavu

Naoka keki na kuchoma samaki kwa oda, nyumbani kwangu Pasiansi, Mwanza. Keki ni za harusi na kipaimara. Samaki ni sato mzima na minofu ya sangara, ninaowafuata alfajiri mwaloni Kirumba. Vyote vinapita kwenye oveni moja ya umeme niliyoinunua kwa familia iliyokuwa inahama Capri Point. Ni ile aina inayojisafisha yenyewe. Unafunga mlango, unabonyeza kitufe, mlango unajikaza komeo, joto linapanda mpaka nyuzi 480 hivi, na mafuta yaliyoganda ukutani yanaungua kuwa majivu. Ikishapoa, unapangusa majivu kwa kitambaa chenye maji kidogo, basi. Naipenda sana oveni hii.

Ila nyavu zake, yaani zile rafu za waya zinazobeba trei ndani ya oveni, zilinifikia zimefubaa. Zilikuwa na rangi kama ya shaba iliyozeeka, mahali pengine zimepiga ubluu, na ukivuta wavu mmoja unakwaruza na kukwama njiani. Ukiwa na trei yenye keki ya kilo nne mkononi, hapo ndipo utajua kwa nini jambo hili naliandikia.

Nyavu nyingi za oveni ni chuma kilichopakwa kromu. Ndiyo inayong'aa, ndiyo inayozuia kutu, na ndiyo inayoufanya wavu uteleze kwenye reli zake. Katika nyuzi 180 au 200 za kuokea kromu haipati shida yoyote. Ukiiacha kwenye 480 kwa saa mbili tatu, hewa ya moto inaila juu juu: inageuka manjano, kisha kahawia, kisha bluu, mwisho inakosa ule ulaini. Huo si uchafu, na hakuna sabuni ya kuutoa. Wavu bado utapika, hautadhuru chakula, lakini hautateleza tena kama zamani. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe cha kujisafisha, toa kila kitu ndani: nyavu, trei, karatasi ya alumini, yote.

Zipo oveni ambazo nyavu zake zimepakwa enameli, ya kijivu au nyeusi yenye vitone, sawa na kuta za ndani. Hizo baadhi zimetengenezwa zibaki humo humo. Kitabu cha oveni yako kitakwambia. Kama wavu unang'aa kama kioo, utoe.

Sasa umeutoa, na umejaa mafuta. Hapa ndipo watu wanapopata hasira, wanashika waya wa chuma wa kusugulia na kumaliza kromu yote kwa asubuhi moja. Tuelewe kwanza ule uchafu ni kitu gani. Mimi napikia mafuta ya alizeti, kama nyumba nyingi za huku. Alizeti ikipata moto tena na tena inashikana na hewa, inakuwa nzito, inanata, halafu inakauka kama vanishi ya fundi seremala. Mafuta ya samaki nayo yana tabia hiyo hiyo. Ndiyo maana wavu wa kuchomea samaki ni mgumu kuusafisha kuliko wa keki, na ndiyo maana sabuni ya kuoshea vyombo inateleza juu ya ule utando bila kuugusa. Vanishi haiondoki kwa povu. Inataka kitu chenye ukali wa magadi kiikate taratibu, igeuke yenyewe kuwa sabuni.

Nami natumia magadi kweli, haya haya ya kutilia makande, ya kupima sokoni. Nina pipa la plastiki la bluu lililokatwa kwa urefu, ambalo wavu unalala humo mzima mzima. Naweka maji ya moto mpaka yafunike, natia magadi viganja kadhaa na sabuni ya unga kidogo, nakoroga, nalaza nyavu, nafunika kwa kanga kuukuu ili joto lisikimbie. Nafanya hivyo jioni baada ya oda ya mwisho, naenda kulala. Asubuhi maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi, na ule utando umelegea, unavuliwa kwa dodoki. Dodoki la kawaida linatosha. Panapobaki ni pale waya zinapokutana, kwenye viungo. Hapo nashika mswaki mzee. Nasema na binti anayenisaidia kila mara: anza na viungo, maana ukianza na sehemu nyeupe utachoka kabla hujafika penye kazi. Vaa glovu za mpira, magadi yanakausha ngozi mpaka inapasuka. Na usitie sufuria za alumini humo, hata kwa kuona maji bado mazuri. Magadi yanaila alumini na kuitia weusi.

Shangazi yangu wa Igombe alinikuta kwenye kazi hiyo. Yeye sufuria zake unaweza kujitazamia uso, na silaha yake ni mchanga wa ziwani na majivu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona unavibembeleza hivi vyuma? Lete mchanga hapa."

"Mchanga utavikwangua, shangazi. Juu ni rangi tu, ndani ni chuma cha kawaida."

Akauchukua wavu, akauzungusha juani, akapitisha kidole. "Na majivu?"

Majivu nikamwambia sawa. Majivu ya kuni yakilowekwa yanatoa ukali unaofanana na wa magadi, yanakata mafuta vizuri. Mradi uyachekeche, yasibaki na vijiwe vya mkaa. Alikaa akasugua nyavu mbili mwenyewe, kwa dodoki na majivu laini, na nakiri mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Mchanga kwa sufuria ya alumini una heshima yake. Kwenye kromu kila punje inachora mstari, na kwenye mstari ndipo kutu inapoingilia, hasa kwetu huku upepo wa ziwani unapoleta unyevu usiku kucha.

Kwa sababu hiyo hiyo usiziache zikauke zenyewe. Suuza kwa maji mengi, pangusa, anika juani mara moja. Kisha chukua kitambaa chenye mafuta kidogo sana ya kupikia, pitisha pembeni tu, zile waya mbili zinazopanda kwenye reli, halafu futa tena kwa kitambaa kikavu. Ukiacha mafuta mengi yatatoa moshi na utakuwa umeanza vanishi mpya. Kwa zile nyavu zangu zilizofubaa, hiyo ndiyo dawa pekee. Nikizipaka hivyo zinateleza.

Wakati nyavu zimelowa ndipo naiwasha oveni ijisafishe, madirisha yote wazi. Nafuta kwanza mafuta yaliyotuama chini, kwa sababu yakiwa mengi yanaweza kushika moto. Watoto wakae mbali na kile kioo. Mwenye kasuku amtoe nje kabisa. Mapafu ya ndege hayahimili ule moshi. Usipulize dawa kali ya kusafishia oveni kwenye kuta za aina hii, na ule mpira wa mlangoni usiusugue. Kuhusu LUKU piga hesabu yako: oveni inayovuta kilowati 3 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti 3. Umeme ukikatika katikati usiubandue mlango kwa bisibisi, subiri kwanza upoe.

Wavu mmoja ulikuja umepinda, nikaamua kuchongesha mwingine kwa fundi wa kuchomelea. Alitaka kutumia waya wa mabati kwa sababu ni rahisi. Nilikataa. Mabati yamepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420. Siku mtu akiusahau humo ndani wakati wa kujisafisha, mvuke wake si wa kuvuta. Nikanunua nondo nyembamba za chuma kisichoshika kutu nikampelekea mwenyewe, pamoja na wavu mzima wa kupimia. Mwambie pia aukate pungufu milimita chache upana, maana chuma hicho kinatanuka kikipata moto: wavu wa sentimita 50 unaongezeka karibu milimita moja na nusu kwenye nyuzi 200, na ukibana kwenye reli hautoki mpaka upoe. Na ule mkunjo wa juu wa nyuma asiusahau, ndio unaouzuia wavu usichomoke wote unapovuta samaki kumgeuza.