Shimo Nililolifukia kwa Kalamu

Mvua za El Niño za mwaka 1997 kuingia 1998 zilinikuta nina miaka tisa kazini, mhandisi wa barabara ambaye bado alikuwa anaamini kila kitu kilichoandikwa kwenye mkataba hutendeka. Nilikuwa msimamizi wa kazi. Maana yake mkandarasi anachimba, anashindilia, anaondoka, halafu karatasi ya mwisho inabaki na sahihi yangu. Kipande changu kilikuwa kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, pale inapokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50.

Abiria anayepita pale huangalia tembo. Mimi nilikuwa naangalia udongo. Tambarare ya Mkata ina ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa unavimba na kunata hadi gari linavaa viatu vya tope, na ukikauka unapasuka nyufa za kumeza ndala. Tuta la barabara ukilijenga juu yake bila tabaka la maana la moramu, ule udongo wa changarawe unaoshindiliwa chini ya lami, lami itaachana kabla hujapandishwa cheo. Mvua zile zilikuwa zimekula mabega ya barabara na kuziba makalavati yanayopitisha maji chini yake, na sisi tulihitaji moramu nyingi, tena upesi.

Sasa, gharama ya moramu haipo katika kuichimba. Ipo katika kuibeba. Kila kilomita inayoongezeka kati ya machimbo na barabara ni dizeli, matairi, na lori moja linalofanya safari nne badala ya kumi. Mkandarasi akaja na pendekezo ambalo mhasibu yeyote angelipenda: kufungua upya shimo la zamani lililokuwa kama mita mia mbili tu kutoka barabarani, ndani ya hifadhi. Kibali kikapatikana kwa sharti kwamba kazi ikiisha shimo lifukiwe, kingo zilazwe, na udongo wa juu urudishwe mahali pake. Sharti hilo nililiingiza kwenye mkataba kwa mkono wangu mwenyewe. Sentensi moja, kurasa za nyuma nyuma, baada ya mambo ya choo cha vibarua.

Kazi ya barabara ilikwisha wiki ya mwisho ya Juni. Aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua tarehe 30 Juni ni nini: mwaka wa fedha unafungwa, na hela ambayo haijalipwa inarudi Hazina. Shimo lilikuwa wazi bado. Katapila lilikuwa limeshapakiwa kwenye lori kuelekea kazi nyingine, na mkandarasi akaniapia kwamba litarudi baada ya siku chache. Cheti cha kukamilika kwa kazi kilikuwa na mstari unaohusu machimbo, wenye visanduku viwili, "yamefukiwa" na "hayajafukiwa". Nikaweka alama kwenye cha kwanza. Sikupewa hata soda, kama kuna anayejiuliza. Niliogopa tu malipo yasipitwe na tarehe.

Katapila halikurudi, nami sikuliulizia. Nilikuwa na barabara nyingine.

Oktoba nikaitwa Mikumi. Lori lililobeba mzigo wa kwenda Zambia lilikuwa limegonga twiga usiku. Dereva alivunjika mkono, utingo aliumia kifuani, na kichwa cha lori kilikuwa kimebonyea hadi usukani. Twiga alikuwa ameshavutwa pembeni nilipofika, shingo imelala kwenye mtaro ambao mimi niliupima. Sikutegemea ukubwa ule. Twiga ukimwona amesimama mbali unaona urefu tu. Akilala karibu na miguu yako unaona uzito, zaidi ya tani moja ya nyama na mifupa, na kope ndefu zilizojaa vumbi.

Nilipokelewa na askari wa hifadhi mtu mzima, mwenye bunduki aliyoibeba kama jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia. Twende nikuonyeshe njia."

Nilidhani ananipeleka kwenye njia ya magari. Tuliacha lami tukashika kijia kilichokanyagwa hadi kikawa kama sakafu. Alikuwa akisoma huku anatembea: hizi za swala, huyu pundamilia, huyu nyati dume peke yake, na hizi kubwa zilizoachana ni za twiga. Nyayo zilikuwa zinakwenda na kurudi, ng'ambo ya barabara hadi huku, huku hadi ng'ambo. Kijia kikaishia kwenye shimo langu. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kidimbwi cha jirani, lakini chini ya shimo lile maji ya mvua za El Niño yalikuwa bado yametulia, ya kijani, yamezungukwa na matope yenye alama za kwato za kila namna.

"Zamani mwezi huu wanashuka mtoni," akasema. "Sasa umewafungulia bomba barabarani."

Nikanyamaza. Akaendelea, bila hasira, "Kule ofisini kwetu kuna karatasi inasema hapa pamefukiwa. Nani kaandika?"

"Mimi, mzee."

"Ahaa. Basi ulilifukia kwa kalamu."

Nimekaripiwa na wakubwa wengi katika miaka yangu ya utumishi, wengine kwa kupiga meza. Hakuna karipio ninalolikumbuka neno kwa neno isipokuwa hilo.

Bosi wangu alinishauri nimwandikie mkandarasi barua kali na niishie hapo. "Ukiandika kwamba cheti kilikosewa," aliniambia, "swali litakalofuata ni nani aliyekosea." Mimi nikaandika hivyo hivyo kwamba cheti kilikosewa, na aliyekosea ni mimi. Onyo la maandishi nikalipata, nilistahili, na kupandishwa cheo kukachelewa kidogo. Kikubwa ni kwamba barua ile ilinipa katapila kwa siku mbili. Miaka baadaye, ilipokuja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kila ofisi ya ujenzi ikaanza kutafuta watu wa kusimamia tathmini za athari kwa mazingira, nilihamishiwa huko. Wenzangu wakaniita Bwana Mashimo, kwa sababu nilikuwa siachii fedha za zuio za mkandarasi, ile sehemu ya malipo inayoshikiliwa hadi kazi ikamilike, mpaka nisimame mwenyewe ndani ya shimo. Walikuwa hawajui jina hilo lilianzia wapi.

Siku mbili zile za katapila nilikuwepo kuanzia asubuhi. Rundo la udongo wa juu lilikuwa limeshaota nyasi pembeni. Tukalisukuma lote ndani, na kwa kuwa halikutosha, malori yakaongeza udongo uliotokana na kusafisha mitaro. Maji yakawa yanasogezwa upande mmoja, yanapungua, yanakuwa mazito, hadi tukaona yanachemka. Kambare! Bila shaka waliingia na mafuriko, na sasa walikuwa wanapigana migongo kwenye kidimbwi kisichozidi ukubwa wa chumba. Korongo walishatua, wanasubiri kama wazee kwenye baraza.

Dereva wa katapila akazima mashine, akashuka na ndoo.

"Mzee," akamwita askari, "hawa si wanakufa tu? Nichukue watano wa kitoweo."

Askari akamtazama, akanitazama na mimi. "Rudisha ndoo, mwanangu. Ndani ya hifadhi hata kambare wa kwenye shimo la Injinia ana wenyewe."

Dereva akarudisha ndoo, akawasha mashine. Korongo wakasogea hatua moja mbele.