Kodi haiangalii jezi

Mtanzania Alphonce Simbu alipompiku Amanal Petros kwenye marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, wote wawili waliandikiwa 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Petros alizaliwa Eritrea, anaikimbilia Ujerumani. Ndiyo maana vijiweni Mwanza, Kirumba hadi Igoma, hoja haikosi: mkimbiaji wetu akihamia taifa pinzani, apigwe kodi ya adhabu.

Hoja tamu, lakini imebisha hodi mlango usio wake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haina habari na jezi uliyovaa. Mbali na kuangalia kama una makazi ya kudumu hapa, inahesabu siku. Ukikaa Tanzania siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, wewe ni mkazi kikodi, na mkazi hutozwa kwa mapato yake yote, popote yalikotoka. Usipofika 183, kuna mtego wa pili: wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huu na miwili iliyotangulia. Siku 120, 125 na 130 zinatoa wastani wa 125, umenasa.

Mchukue sasa kijana aliyepewa uraia wa Bahrain, ambako mshahara haukatwi kodi ya mapato. Uraia wetu anaupoteza, maana mtu mzima haruhusiwi uraia pacha. Lakini kama miezi saba ya mwaka bado anapandisha kilima cha Bugando na kukimbia barabara ya Pasiansi kwenda uwanja wa ndege, posho yake ya Bahrain ni halali ya TRA, mamlaka yetu ya mapato. Adhabu ya nini tena? Na aliyehamia Manama, mji mkuu wa Bahrain, moja kwa moja, hata umwandikie asilimia 90, utamdai wapi?

Kinachowaumiza zaidi wakimbiaji ni kodi ya zuio ya ugenini, ile inayokatwa kabla fedha haijakufikia. Marekani humkata mgeni asilimia 30 ya zawadi, Uingereza 20, tena kwenye fedha yote, kabla meneja hajachukua chake, ambacho kwa kawaida ni asilimia 15. Mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili tunao na Afrika Kusini, India na Sweden, miongoni mwa wachache. Na Marekani na Uingereza hatuna. Hata hivyo sheria yetu inakubali kodi uliyolipa nje ipunguzwe kwenye unayodaiwa hapa, mradi isizidi kiwango cha wastani cha kodi yako ya hapa.

Tuseme zawadi ya Marekani ni shilingi milioni 25, huna mapato mengine, na gharama tuziweke kando. Kule wamekata 7,500,000. Hapa, milioni 12 za kwanza zinadaiwa 1,536,000, na milioni 13 zilizobaki asilimia 30, yaani 3,900,000. Jumla 5,436,000. Hudaiwi kitu, ila ile 2,064,000 iliyozidi TRA hawakurudishii. Ifuate Marekani kwa fomu 1040-NR, ritani ya kodi ya mgeni: kodi inapigwa upya kwa viwango vya ngazi baada ya kutoa gharama za meneja na safari, na mara nyingi sehemu ya zuio hurudi.

Wengi wanakwama kwenye karatasi. Meneja anatuma kilichobaki, mkimbiaji anatangaza hicho hicho, na ushahidi wa zuio hana. Mdai meneja fomu 1042-S, inayoonyesha zuio ulilokatwa Marekani. Mlipaji wa zawadi anatakiwa kuitoa kufikia tarehe 15 Machi ya mwaka unaofuata. Ritani ya hapa mwisho wake ni 30 Juni, kwa hiyo muda upo. Picha ya muamala kwenye simu haitoshi.