Jumamosi ya mashindano, data imezimwa

Saa 9 usiku. Ipagala imelala, mbwa tu ndio wanajibizana. CQ World Wide ya sauti, mashindano ya redio za ridhaa ya kuwasiliana na vituo vingi vya dunia, hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba; huanza saa 6 usiku kwa saa za dunia, yaani saa 9 kwetu Dodoma, na huchukua saa 48. Redio ni ya wati 100, antena ni waya, betri iko chini ya meza maana umeme hauaminiki. Simu nimeizima data.

Nashindana kundi la mtu mmoja asiye na msaada. Kwa kanuni za mashindano haya, msaada ni teknolojia au chanzo chochote kinachokupa alama ya kituo (jina lake la hewani), au kizidisho (nchi au kanda mpya inayozidisha pointi), pamoja na masafa yake, yaani mahali kilipo kwenye bendi. Hilo neno "pamoja" ndilo lenye uzito. Klasta za intaneti, ambako watu hutangaziana nani yuko wapi, ni msaada. Kwenye mashindano ya msimbo wa Morse, hata skima, programu inayozisoma alama kwenye bendi nzima ni msaada, japo iko kwenye kompyuta yako na intaneti hakuna. Lakini orodha ya alama niliyoipakia mapema inaruhusiwa, kwa kuwa haijui nani yuko hewani sasa. Kioo cha redio kinachoonyesha vilima vya mawimbi nacho ruksa. Kilima hakina jina. Lazima nikiendee, nisikilize.

Saa 11 alfajiri. Ulaya wanaita kwa fujo kwenye 7 MHz. "Hamsini na tisa, thelathini na saba," nawapa kwa Kiingereza, yaani ripoti ya usikivu na namba ya kanda yetu. Kituo cha bara jingine ni pointi 3, jirani wa Kenya ni 1. Jua likichomoza nahamia 21 MHz, na Wajapani wanapokea zamu.

Saa 3 asubuhi. Nafungua kibanda changu cha ufundi Majengo. Spika, chaja, redio ya mzee mmoja wa Chamwino. Data bado nimezima: nikichungulia klasta hapa halafu nikarudi mezani, ni msaada uleule.

Saa 9 alasiri niko nyumbani. Kijana ninayemfundisha anaingia, simu mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Mongolia wapo, wako kwenye..."

Nikainua mkono. "Marahaba. Usimalizie, mwanangu."

Akashangaa. Na chai anayoniletea mama? Na jenereta aliyoiwasha yeye? Chai haina masafa, nikamwambia, na jenereta haisikilizi bendi. Kutafuta vituo, kuita, kusikiliza na kuandika logi, yaani orodha ya mawasiliano, hayo ndiyo lazima yawe yangu peke yangu.

Sina ugomvi na wanaotumia klasta. Wana kundi lao, na kulishinda si mchezo. Kinachoniuma ni mtu kutumia klasta kisha akatuma logi kwenye kundi letu. Amemnyang'anya nafasi mtu aliyekesha akizungusha kitufe. Waamuzi hulinganisha logi na matangazo ya klasta, na anayeruka kila mara kwenye kituo adimu punde kinapotangazwa hujulikana. Wapo waliofutwa kwa hilo.

Saa 1 usiku, 28 MHz. Nazungusha kitufe polepole. Katikati ya vituo viwili vikubwa vya Marekani kuna sauti nyembamba, Kiingereza chenye lafudhi ya Kihispania. Nabana kichujio, nasogeza kidogo juu. "Oscar Alpha Four..." OA4, mwanzo wa alama za Peru! Naita, ananijibu mara ya pili. Kijana alikuwa amevaa spika za pili masikioni. Kasikia kila kitu, akapiga meza kwa furaha.

Saa 4 usiku napitia logi. Kuna Mwitaliano mmoja ambaye herufi ya mwisho ya alama yake ilimezwa na kelele. Kijana anasema mashindano yakiisha tumtafute intaneti tuhakikishe. Hapana. Kusahihisha alama kwa hifadhidata baada ya mashindano nako kumekatazwa, na logi hutumwa ndani ya siku 5. Atabaki kama nilivyomsikia, na kama si yeye, pointi zikatwe.